Mabonde ya Lot na Célé kwa baiskeli ya barabara: mapitio ya mzunguko wa Cahors–Figeac

Mzunguko huu una kilomita 150 hivi, na kwa mwenye baiskeli ya barabara ni miongoni mwa njia bora za kusini-magharibi mwa Ufaransa. Unaanzia Cahors, unafuata mto Lot hadi Conduché, unaingia bonde la mto Célé na kulipandisha hadi Figeac, kisha unarudi kwa bonde la Lot kupitia Cajarc na Saint-Cirq-Lapopie. Mlima wa kutisha hakuna. Kinachowashinda wengi hapa ni saa: duka la mikate linalofungwa saa sita na nusu mchana, mgahawa usiompokea mtu baada ya saa saba na nusu, Jumatatu isiyo na fundi. Ukiipanga siku kwa saa za vijiji hivi, kila kilomita itakupa raha. Ukiipanga kwa nguvu za miguu peke yake, utashinda na njaa mahali pazuri kupindukia.

Tunashauri siku mbili. Siku ya kwanza Cahors hadi Figeac kwa njia ya Célé, karibu kilomita 78. Siku ya pili Figeac hadi Cahors kwa njia ya Lot, karibu kilomita 75. Wenye miguu huumaliza kwa siku moja, lakini watakuwa wamepita mbele ya pango la Pech Merle, abasia ya Marcilhac na jumba la makumbusho la Champollion bila kushuka. Anayetafuta kilomita tupu atazipata juu, kwenye nyanda za mawe ya chokaa zinazoitwa Causse, ambako barabara ni ndefu na magari ni ya kuhesabu. Mabonde haya yanamfaa mtu anayependa kusimama njiani.

Kutoka Cahors: kipande dhaifu kuliko vyote

Cahors imejengwa ndani ya kona ya mto Lot, maji yakiuzunguka mji pande tatu. Daraja la Valentré, lililoanza kujengwa mwaka 1308 na kumalizika 1378, liko upande wa magharibi wa mji, na mzunguko unatokea mashariki. Kwa hiyo litembelee jioni ya kuamkia safari, kwa miguu. Lina minara mitatu juu ya matao sita yaliyochongoka. Kwenye mnara wa katikati, juu kabisa penye pembe, kuna sanamu ndogo ya shetani iliyoshikilia jiwe la ukuta. Haikuwekwa na wajenzi wa kale. Iliwekwa mwaka 1879, wakati wa ukarabati uliosimamiwa na Paul Gout, kukumbuka hadithi ya fundi aliyewekeana ahadi na shetani ili amalize kazi. Kanisa kuu la Saint-Étienne, lenye makuba mawili makubwa, liko katikati ya mji wa kale, na soko la Jumatano na Jumamosi hufanyika mbele yake. Ukianza safari siku mojawapo ya hizo, nunua matunda, mkate na jibini ya mbuzi ya Rocamadour kabla ya kuondoka. Vijibini hivyo ni vidogo na vya mviringo, vinakaa vizuri kwenye mfuko wa mgongoni mwa fulana asubuhi. Ikifika saa sita ya kiangazi vimeshayeyuka, basi uvile mapema.

Barabara ya D653 kutoka Cahors kwenda Vers ndiyo sehemu tunayoipa alama mbaya. Ni barabara ya kazi: magari ya mizigo, watu wanaowahi ofisini, na ukingo mwembamba wa kukimbilia. Haina ubaya wa kukufanya uuache mzunguko wote, ila inahitaji kupitwa mapema. Ukiwa barabarani kabla ya saa mbili asubuhi, au siku ya Jumapili, utaipita kwa amani. Vers ikifika, D653 inapinda kushoto na kupanda kuelekea nyandani. Wewe baki na mto, ushike D662. Kuanzia hapo mambo yanabadilika. Majabali meupe na ya kahawia yanasogea hadi ukingoni mwa lami, na karibu na Bouziès miamba inaning'inia juu ya kichwa. Washa taa ya nyuma hata mchana, kwa sababu dereva anayetoka kwenye jua kali na kuingia kwenye kivuli cha jabali hakuoni kwa sekunde moja au mbili, na hizo zinatosha kuleta balaa.

Barabara ya D41, yaani bonde la Célé

Hapa ndipo thamani ya safari nzima ilipo. Conduché ni pale Célé inapomwaga maji yake kwenye Lot. Unapinda kushoto, na ndani ya mita mia chache kelele za magari zinakatika. D41 inafuata mto huu mdogo hadi karibu na Figeac, zaidi ya kilomita 40, ikipita chini ya majabali, kwenye mashamba ya mahindi na miti ya jozi, kisha chini ya majabali tena. Si tambarare kamili. Kila kijiji kina kipandio chake kifupi, mita 20 au 30 za kwenda juu, halafu mteremko. Anayekanyaga kwa pupa kila kipandio atafika Figeac amekwisha. Tumia gia nyepesi, kaa kitini, acha mteremko urudishe mwendo.

Cabrerets ni kilomita 4 tu kutoka Conduché. Juu yake kuna pango la Pech Merle, na kulifikia ni kupanda kama kilomita moja kwa mwinuko mkali, kipande cha pekee cha siku ya kwanza kitakachokulazimisha kushuka hadi gia ya mwisho. Pangoni huingia watu wasiozidi 700 kwa siku, kwa hiyo tiketi hukatwa mapema, hasa Julai na Agosti. Kata ya saa nne asubuhi: inatosha kwa aliyetoka Cahors mapema, na inakuachia muda wa kufika Marcilhac kabla jiko halijafungwa. Ziara huongozwa na huchukua kama saa moja. Ndani joto ni nyuzi 12 wakati wote, na wewe umelowa jasho la kupanda. Bila koti jepesi kavu utatetemeka ndani ya dakika kumi. Viatu vya klipu ni hatari kubwa zaidi. Sakafu ina maji, na kipande cha chuma au plastiki kilicho chini ya soli hakishiki kabisa. Beba malapa yenye kamba au viatu vya mpira vyepesi. Picha haziruhusiwi.

Utakachokiona kinastahili taabu hiyo. Pango liligunduliwa na vijana wa kijijini mwaka 1922 na kufunguliwa kwa watu mwaka 1926, na michoro unayoionyeshwa ni yenyewe, si nakala. Lascaux, pango jingine mashuhuri la michoro lililo kaskazini-magharibi ya hapa, lilifungiwa watalii mwaka 1963. Mchoro mashuhuri ni wa farasi wawili wenye madoadoa, wa miaka ipatayo 29,000, wamezungukwa na alama za viganja vya mikono. Mtazame farasi wa kulia. Ukingo wa mwamba wenyewe una umbo la kichwa cha farasi, na mchoraji aliufuata, kisha ndani yake akachora kichwa kidogo mno kisicholingana na mwili. Simama hapo mpaka kiongozi akuhimize.

Kutoka Cabrerets hadi Marcilhac-sur-Célé ni kilomita 15 na ushei. Tupa macho juu kwenye kuta za majabali: utaona mapango yaliyozibwa kwa kuta za mawe, yakiwa na madirisha na mianya ya kurushia mishale. Wenyeji huyaita majumba ya Waingereza, na ni ngome za enzi za Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa. Marcilhac ndipo pa kula chakula cha mchana. Abasia yake ya Wabenedikto ni gofu kwa nusu: upande mmoja kanisa bado lina paa na watu wanasali, upande wa pili safu za matao zimesimama wazi chini ya mbingu. Baiskeli inasukumwa hadi mlangoni.

Baada ya Marcilhac huduma zinakonda sana. Saint-Sulpice, Brengues, Espagnac: vijiji vizuri vyote, lakini usitegemee kupata duka lililo wazi alasiri. Jaza chupa zote mbili Marcilhac. Espagnac-Sainte-Eulalie hauko kwenye D41 yenyewe. Unavuka daraja dogo kulia kwako, na wengi huupita bila kujua. Usiupite. Kuna priori ya kale, yaani nyumba ndogo ya watawa, yenye mnara wa kengele wa mbao na matofali, na bustani ndogo mbele yake, na kuvuka daraja kwenda na kurudi hakuzidi dakika kumi.

Lami ya D41 ni nzuri kwa sehemu kubwa, ila ni ya aina ya vijijini: mafundi humwaga lami ya maji, hutandaza kokoto juu yake, halafu huyaachia magari kazi ya kuzishindilia. Kazi hii hufanyika majira ya joto, na kwa siku kadhaa kokoto huwa zimelegea. Kibao kitasema *Gravillons*. Ukikiona, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona; fuata mstari uliosafishwa na matairi ya magari; ukiwa umelala kwenye kona usiguse breki ya mbele. Tairi ikishika lami laini, kokoto hunata juu yake na kuingia kwenye uma wa mbele, kisha husaga fremu. Simama uzibandue kwa kidole. Baada ya mvua kubwa au baridi kali kuna jambo jingine: vipande vya jabali huanguka barabarani, vidogo kama kucha na vyenye ncha. Hivyo ndivyo vinavyopasua ubavu wa tairi.

Figeac

Huu ndio mji bora wa kulala kwenye mzunguko huu, na tunausema bila kusita. Mji wa kale wote unatembeleka kwa miguu ndani ya jioni moja. Nyumba za mawe za wafanyabiashara wa karne za kati zina baraza wazi juu kabisa, chini ya paa, zinazoitwa soleilho, zilizotumika kukaushia na kuwekea vitu. Inua kichwa kila kona utaziona. Jean-François Champollion, aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822, alizaliwa hapa tarehe 23 Desemba 1790. Jumba la makumbusho lenye jina lake linahusu maandishi ya dunia nzima, na nje ya Julai na Agosti hufungwa Jumatatu. Nyuma yake kuna uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba, na sakafuni pametandazwa nakala kubwa mno ya jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia Champollion kuyasoma maandishi ya Misri, kazi ya msanii Joseph Kosuth ya mwaka 1991, iliyochongwa kwenye graniti nyeusi kutoka Zimbabwe. Unatembea juu ya maandishi yenyewe. Vua viatu vya klipu; graniti hiyo inateleza.

Ukiweza, fika Figeac Ijumaa ulale, kwa sababu soko la Jumamosi asubuhi linajaza viwanja vya mji wa kale. Mafundi wa baiskeli wapo Figeac na wapo Cahors. Kati ya miji hiyo miwili usitegemee duka la vipuri. Maduka ya baiskeli, kama maduka mengi ya Ufaransa, hufungwa Jumapili na mara nyingi Jumatatu pia, kwa hiyo anayezunguka Jumapili na Jumatatu ajihesabu kuwa yuko peke yake.

Kurudi kwa bonde la Lot

Siku ya pili inaanza kwa kupanda. D662 inatoka Figeac na kupanda zaidi ya mita 100 kuelekea Faycelles kabla ya kuteremka hadi mtoni. Mwinuko ni wa wastani, lakini miguu bado ni baridi; kunywa chai ya kutosha na usianze kwa mbio. Huko chini bonde ni pana kuliko la Célé, mto ni mkubwa na mtulivu, na barabara inanyooka. Saint-Pierre-Toirac ina kanisa lililojengwa kama ngome, Larroque-Toirac ina kasri lililobanwa kwenye jabali. Zote mbili zinaonekana kutoka barabarani.

Cajarc iko kilomita 25 kutoka Figeac na inafaa kwa kahawa ya saa nne. Mji huu unajulikana kwa zafarani, ambayo ililimwa sana Quercy, jina la kale la eneo hili, karne za kati na kufufuliwa siku hizi; maua huvunwa Oktoba. Mwenye nguvu za ziada avuke mto na kupanda D127 hadi Saut de la Mounine, ukingo wa jabali unaotazama kona nzima ya mto na kijiji cha Montbrun ng'ambo. Ni nyongeza ya kweli kwa miguu na kwa muda, na tunaipendekeza tu siku isiyo na joto kali, kwa sababu kipandio hicho hakina kivuli.

Kutoka Cajarc hadi Tour-de-Faure ni kama kilomita 20 za kwenda kwa mwendo mmoja, kasri la Cénevières likionekana juu ya jabali upande wa pili. Hapa ndipo upepo wa magharibi unapokukuta usoni. Kama mko wawili au watatu, pokezaneni mbele.

Kisha Saint-Cirq-Lapopie. Unavuka daraja Tour-de-Faure na kupanda D40, karibu kilomita 2, mpaka kijiji kinachoning'inia mita 100 hivi juu ya mto. Mwaka 2012 Wafaransa walikichagua kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote, na tangu hapo Agosti imekuwa ngumu: magari yamepanga foleni kwenye kipandio hichohicho, na hewa ya injini unaivuta wewe. Fika kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Vichochoro vyake ni vya mawe, vina mwinuko mkali, na havipandiki kwa tairi nyembamba. Funga baiskeli juu ya kijiji, teremka kwa miguu. Mwandishi André Breton alikuwa na nyumba hapa, na zamani wakazi waliishi kwa uchongaji mbao na kazi za mashua. Ukimaliza, usirudi ulikotoka. Endelea na D40 kuelekea Bouziès, usimame mahali panapoitwa Bancourel: kutoka hapo ndipo kijiji, jabali na mto vinaonekana kwa pamoja. Mteremko wa baada ya hapo una kona za kupofusha na ukuta mfupi upande wa bonde. Breki zote mbili, kabla ya kona.

Bouziès kuna njia ya kale iliyochongwa ndani ya jabali, kando ya maji, ambayo wanyama na watu waliitumia kuvutia mashua. Ni njia ya miguu, ya mawe, na paa la mwamba liko chini. Iache baiskeli kijijini, utembee. Halafu unavuka daraja jembamba kurudi D662, na kilomita 28 zilizobaki hadi Cahors unazijua tayari.

Baiskeli na vipuri

Baiskeli ya barabara ya kawaida inatosha kabisa. Hakuna haja ya baiskeli ya changarawe. Tairi ziwe milimita 28 au 32. Ndogo zaidi ya hapo zitakutesa kwenye lami ya kokoto, kwa sababu mtikisiko ule mdogomdogo wa muda wa saa tano ndio unaotia ganzi mikononi. Mwendeshaji wa kilo 70 hadi 75 mwenye tairi za 28 zenye tyubu ajaze upepo wa baa 5 nyuma na 4.7 mbele; kwa tairi za 32, baa 4 nyuma na 3.7 mbele. Ukibeba mizigo nyuma, ongeza kidogo nyuma tu. Gia ya mbele ya meno 34 na ya nyuma ya meno 30 au 32 itakupandisha Pech Merle na Saint-Cirq ukiwa umekaa.

Beba tyubu mbili, viraka, pampu ya mkono, kiungo cha kuungia mnyororo, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani endapo ubavu utapasuka. Ongeza kishikilio cha direla ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine) cha modeli ya baiskeli yako. Kipande hicho kidogo cha alumini hupinda baiskeli ikigongwa ndani ya sanduku la ndege au treni, na kila fremu ina chake. Fundi wa Figeac anaweza kuwa na kila kitu isipokuwa hicho. Dalili yake ni mnyororo unaoruka meno au direla inayogusa spoku kwenye gia nyepesi kabisa. Ijaribu gia hiyo Cahors, kwenye tambarare, kabla hujaihitaji mlimani. Na majira ya vuli, wakati wakulima wanapopogoa ua wa miiba kando ya barabara, pancha huwa nyingi. Mwiba hukatikia ndani ya mpira, kwa hiyo kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole taratibu ndani ya tairi nzima mpaka uupate. Asiyefanya hivyo hutoboa tyubu ya pili ndani ya kilomita moja.

Maji, chakula, kulala

Makaburi ya vijiji vya Ufaransa karibu yote yana bomba, na waendesha baiskeli wote wa nchi hiyo hulitegemea. Soma kibao: *Eau potable* ni ya kunywa, *Eau non potable* si ya kunywa. Chupa mbili za mililita 750 zinatosha Mei na Septemba. Julai majabali ya chokaa yanarudisha joto, na utajaza kila unapopata.

Mgahawa wa kijijini hupokea watu kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu mchana, kisha jiko linazimwa mpaka jioni. Ukifika saa nane kasoro robo, mwenye mgahawa hatakubadilishia utaratibu, hata meza zikiwa tupu. Fuata ubao wa chakula cha siku; kwa kawaida ndicho cha haraka na cha bei nafuu. Hii ni nchi ya bata, kondoo wa Causse na jozi, chakula kizito, na kilomita za baada yake huwa ndefu. Mvinyo mwekundu wa Cahors, ambao kisheria sharti uwe na angalau asilimia 70 ya zabibu za Malbec, subiri jioni: kiwango cha pombe cha madereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kinamhusu mwendesha baiskeli pia. Mashamba yake, kwa taarifa, yako upande wa pili wa Cahors, mto unakoelekea.

Kwa malazi tafuta alama ya *Accueil Vélo*, mpango wa kitaifa unaokagua nyumba za wageni zilizo ndani ya kilomita 5 za njia rasmi ya baiskeli. Unaahidi mahali salama pa kuweka baiskeli, vifaa vya matengenezo madogo na kifungua kinywa kinachomfaa mwenye safari. Ni alama ya kuaminika, ila uliza mambo mawili unapokata chumba. Je, chumba cha baiskeli kina ufunguo, au ni banda linaloingiwa na kila mgeni? Na kifungua kinywa kinaweza kuwa tayari saa moja asubuhi? Pampu ya hapo usiitegemee. Nyingine zina kichwa cha valvu nene za gari, wakati baiskeli ya barabara ina valvu nyembamba.

Sheria, na kushika kulia

Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda amezoea kushika kushoto. Mwenzake wa Rwanda, Burundi au Kongo yuko nyumbani. Hatari haiko kwenye barabara yenye magari, kwa sababu magari yenyewe yanakukumbusha. Iko kwenye D41 tupu, saa moja asubuhi, baada ya kusimama kunywa maji: unapanda baiskeli na mwili unakupeleka kushoto wenyewe. Jenga mazoea ya kusimama upande wa kulia tu. Kipilefti cha Ufaransa kinazungukwa kinyume na saa, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako, ambao tayari wako ndani. Ndani ya vijiji, njia panda isiyo na alama yoyote, unampisha anayetoka kulia, hata kama anatoka kwenye kichochoro kidogo. Sheria hii inawashangaza wengi, na wenyeji huitumia bila kupunguza mwendo.

Kengele ni lazima. Usiku au penye ukungu, taa ni lazima, na nje ya mji ni lazima pia kizibao cha kung'aa. Vipokea sauti masikioni vinatozwa faini ya yuro 135. Gari linalokupita linapaswa kukuachia mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji, na madereva wa huku kwa jumla wanaiheshimu. Wanaojisahau ni wenye nyumba za magurudumu za kukodi, wasiojua upana wa gari lao. Kuendesha wawili sambamba kunaruhusiwa mpaka gari litake kupita. Hapo mmoja anarudi nyuma.

Msimu na treni

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yenyewe. Oktoba ni nzuri kwa rangi, lakini ukungu hulala bondeni mpaka saa nne, na majani ya jozi yaliyolowa huteleza kwenye kona. Julai na Agosti, anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na umalize kabla ya saa saba.

Cahors iko kwenye reli ya Paris-Austerlitz hadi Toulouse. Kwenye Intercités, treni za masafa marefu za reli hii, baiskeli nzima inahitaji nafasi iliyokatwa mapema, yuro 10, na nafasi hizo ni chache kwa kila treni. Kata siku ileile unayokata tiketi yako. Treni za mkoa za TER hubeba baiskeli pia, ila hakikisha kabla ya kiangazi kama treni yako inadai nafasi. Kama unatua Toulouse na baiskeli iliyo sandukuni, ifunge upya kwenye mfuko laini usiozidi sentimita 130 kwa 90, ambao unapanda treni kama mzigo, na sanduku gumu uliache kwenye hoteli ya Toulouse utakayorudi kulala usiku wa mwisho. Ngazi za behewa ni nyembamba: tangulia wewe, uivute baiskeli ikiwa imesimama kwa gurudumu la nyuma, direla ikitazama upande usio na mlango.